Mwisho Kusikika Ng'ambo ya Mto

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni pale Tunduma, kichwa kimejaa elimu mpaka kofia hainitoshi. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Sisi wapenzi wa redio ya upepo, ile ya kuitana na kujibizana, tulijitolea kukaa zamu kwenye kibanda kilimani Hasamba, chini ya antena ndefu ambayo, nakuapia, mwewe walikuwa wanaikwepa. Gari likiwa bondeni Momba halisikiki Tunduma, kwa hiyo dereva anatuambia sisi alipo, nasi tunarusha mbele.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Nzowa wa Ihanda, mpole kwa kila kitu isipokuwa redio.

Alasiri ile mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo. Dereva Sikalengo alikuwa anamleta Mwanaidi, mke wa Hamisi muuza spea wa Tunduma, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa akiwa bondeni kumuuguza dada yake. Sauti ikaja inakwaruza: "Nipo ng'ambo ya mto. Maji yanapanda. Naangalia kama nitavuka." Kisha kimya.

Tukaita. Kimya. Tukaita tena.

"Hasamba, Hasamba!" Hamisi huyo, toka Tunduma. "Mdogo wangu, wamevuka?"

Zahanati ya upande wetu wa mto nao wakaingia: "Tuna trekta moja tu, la mfugaji Masanja. Tulipeleke mlimani kwenye tope, au mtoni? Semeni!"

Kama wamevuka, watakwama mlimani. Kama hawajavuka, wako mtoni. Trekta haliwezi kuwa kote kuwili.

Mwanangu, Sikalengo nilimjua. Yule kwa pikapu yake angevuka Ziwa Rukwa akatokea upande wa pili anapiga honi. Na Hamisi alikuwa analia, mwanaume mzima. Nikashika kipaza sauti, neno "wamevuka" limeshafika kwenye meno. Mzee akaweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Hilo umelisikia, au unalitamani?"

"Mzee, si Sikalengo huyu! Lazima kavuka."

"Nimeuliza masikio yako."

Akakichukua kipaza sauti mwenyewe. "Tunduma, zahanati, hapa Hasamba. Mwisho kusikika ng'ambo ya mto, alikuwa bado hajavuka. Baada ya hapo hatujasikia kitu."

"Hilo ni jibu gani, Mzee?" Hamisi akafoka. "Una moyo wa chuma wewe!"

"Ndilo nililonalo, baba."

Trekta likaenda mtoni. Sisi tukabaki na mlio wa hewa, shiii, na chai iliyopoa bila kuguswa. Mzee alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na hata chembe ya vumbi. Ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa.

Giza linaanza kuingia, zahanati wakaita. Pikapu ilikuwa bado ng'ambo, maji yameingia kwenye betri, redio imekufa. Maji yalipopungua Masanja akavuka na matairi yake makubwa, akampakia Mwanaidi kwenye tela mpaka zahanati. Wakamalizia: "Mtoto wa kike. Mama mzima. Mtoto analia kushinda redio zenu!"

Tulisikia pumzi za Hamisi tu. Alikuwa amesahau kuachia kitufe cha kipaza sauti.

Sasa nyinyi kila mmoja ana redio mfukoni, na habari mnazirusha kabla hazijapoa. Basi nakuomba, mwanangu: anayekuuliza kwa hofu usimpe unachotamani kiwe kweli. Mwambie ulichosikia, kilikosikika, na pale unapoishia kujua. Atakukasirikia, mvumilie. Faraja ya uongo hupeleka trekta mlimani.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi wenye subira. Na siku utakayokwama ng'ambo, akujalie watu watakaotaja mahali pako kwa ukweli, mpaka ufikiwe.