Unga wa Fufu Mlimani

Tangazo lilisema ni safari rahisi, inayowafaa wanaoanza. Bonde la mbali katika milima ya Himalaya, njia iliyokanyagwa vizuri, nyumba ya wageni kila jioni, hakuna kupanda barafu, hakuna kamba. Nimelisoma tena wiki hii kwa sababu bado limo kwenye simu yangu, na bado linanikasirisha. Kamba ilikuwepo. Ila haikuwa ya kwetu sisi wageni.

Tulikuwa watatu kutoka Durban. Wa kwanza ni mwenye duka la simu katikati ya mji, Mkongomani wa Kivu kama mimi, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye wazo lilikuwa lake na mazungumzo yote na watu wa safari aliyafanya yeye. Wa pili ni mama mmoja wa Kenya, mwalimu wa chuo kikuu, tunayesali naye. Wa tatu mimi, dereva wa gari la mikate. Tangu nilipotoka nyumbani sijawahi kukaa mahali bila kuanza kuitazama barabara. Nimeishi Kigoma, nimeishi Lusaka, na kila mji umenifanya niukumbuke ule niliouacha. Durban ndiyo iliyonishika muda mrefu, lakini hata hapa, nikisimama kwenye robot, taa za barabarani, na mikate nyuma yangu, naweza kuvitazama vilima vya Sydenham nikaona vilima vyetu juu ya ziwa, mpaka wa nyuma anipigie honi. Kwa hiyo niliposikia neno milima, nilikubali kabla sijauliza chochote.

Jumapili baada ya ibada tulifanya mazoezi. Tulitoka mtaa wa Albert Park kwa miguu, tukapanda hadi Sydenham na kurudi, tukiwa na viatu vipya vinavyotuuma. Taxi zilipunguza mwendo kutuuliza tunakwenda wapi. Hakuna aliyeamini kwamba watu wazima wenye nauli mfukoni wametembea kwa kupenda.

Mwenye duka alifungasha kama mtu anayehama. Alichukua sambaza kavu, wale dagaa wa ziwa letu, pilipili, sufuria yake mwenyewe na mfuko mkubwa wa unga wa fufu, ugali wetu wa muhogo. Mwalimu alipomuuliza kama kweli atapanda Himalaya na ugali, alijibu kwamba huko watu hula wali na dengu asubuhi mpaka jioni, na yeye hakukimbia vita ili aje kufa kwa dengu. Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote, maana fufu ile nami niliitaka.

Njia ilipoanzia, mwisho wa barabara ya magari, kiongozi wetu alikuwa anatungoja na wapagazi wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume angebeba mifuko miwili, wangu na wa mwalimu. Mwanamke angebeba mmoja tu, wa mwenye duka, na kwa hesabu hiyo ilionekana amependelewa. Kiongozi aliinyanyua mifuko kwa mkono kuona uzito. Wakati huo unga wa fufu ulikuwa ndani ya plastiki, mkononi mwa mwenyewe. Kiongozi alipogeuka kuzungumza na dereva, mwenye duka aliuingiza ndani ya mfuko wake mkubwa, akafunga kwa kufuli. Nilimwona. Nilidhani ni ujanja mdogo wa msafiri, kama ule wa kuvaa makoti mawili uwanja wa ndege.

Halafu yule mwanamke akapiga goti, akautia mfuko ndani ya kikapu chake, akaweka mkanda wenye kamba zake kwenye paji la uso, akasimama.

Mkanda ule naujua. Kwetu, kwenye milima juu ya ziwa, wanawake hubeba hivyo hivyo: mkanda mpana kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, shingo imesukumwa mbele, macho yameelekea chini. Hubeba makaa, ndizi, mchanga wa kujengea nyumba za watu wengine. Mama yangu alibeba hivyo mpaka mkanda ukamwachia mfereji kichwani, pale nywele zinapoanzia. Nilipokuwa mdogo na yeye amelala mchana, nilikuwa napitisha kidole ndani ya ule mfereji, taratibu, asiamke. Sikutegemea kuukuta mkanda wa mama yangu upande ule wa dunia, na begani nina kamera.

Siku za kwanza kila kitu kilikuwa kama tangazo lilivyosema. Mto ulikuwa chini yetu, misitu ya maua mekundu, kuta za mawe yaliyochongwa maandishi ambazo ni lazima uzipite ukiziacha mkono wa kulia. Kweli ilikuwa rahisi. Ningeweza kwenda nikipiga mluzi. Na ndicho kilichoanza kunichoma: ilikuwa rahisi kwa sababu ugumu wote ulikuwa umewekwa juu ya kichwa cha mtu mwingine, nyuma yetu, tusikokutazama.

Juu zaidi miti iliisha, na njia ikakatiza mahali ambapo mlima ulikuwa umeporomoka, mawe matupu yanayoteleza. Hapo mwanamke akaanza kubaki nyuma. Tulikaa kwenye upepo tukimngoja. Mwenye duka alikuwa na baridi na kichwa kilimuuma, na alipomwona anatokea polepole, hatua kisha pumzi, alimwambia kiongozi kwamba kijiji kinachofuata amrudishe huyu na kutafuta mwanamume mwenye nguvu.

Kiongozi hakupenda, akaeleza. Mpagazi akirudishwa njiani, malipo yake yanaishia pale pale. Lakini kuna jambo lingine. Huyu alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka kijiji chake kupewa mzigo wa wageni. Wanaume wa huko walikuwa wamesema wazi hataweza. Akirudi mikono mitupu, hakuna atakayemwajiri tena, wala mwanamke mwingine nyuma yake. Mwenyewe alikuwa ameshafika karibu, kikapu amekiegemeza kwenye jiwe. Lugha yetu hakuijua, lakini alikuwa anatazama kinywa kimoja kisha kingine, na ilionekana ameelewa.

Nilimwambia mwenye duka kwa Kiswahili autoe ule unga.

"Wacha hiyo, mdogo wangu," alisema. "Hawa wamezoea."

Sijui niliinukaje. Najua nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Na mama yako, naye alizoea?"

"Usimwingize mama yangu humu."

"Unga wako ameubeba nani?"

"Mama yangu hakuwa na mtu wa kumlipa," akasema. "Huyu analipwa."

Alisema hivyo mtu ambaye karo yake ya shule ilitoka kwenye makaa yaliyobebwa mgongoni. Mgeni kutoka nchi baridi angesema hivyo ningemsamehe nusu, hajui. Yeye alijua uzito wa kile kikapu kuliko mimi, maana alikuwa mzaliwa wa kwanza na ndiye aliyekuwa akimsaidia mama yake kusimama nao. Mpaka leo nikilikumbuka lile neno, wamezoea, hulipita duka nililotakiwa kushusha mikate.

Nikaenda kwa mwanamke, nikaonyesha kwa ishara kwamba afungue, nitabeba sehemu. Aliushika mfuko kwa mikono yote miwili, akanikatalia kwa kichwa, karibu kwa hasira. Kiongozi akanieleza taratibu kwamba mgeni akionekana anabeba mzigo wa mpagazi, huo ndio ushahidi kwamba mpagazi ameshindwa. Uamuzi ukaahirishwa hadi asubuhi. Mwanamke akajifunga mkanda, akatangulia.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, mwenye duka alijilaza kando ya jiko akikandwa kichwa na joto. Nilimweleza mwalimu shida yangu: unga hauwezi kubebwa na mimi, hauwezi kutupwa, na asubuhi ni lazima usiwepo.

"Basi tuule," akasema.

Nilimwendea mwenye duka nikamwambia nataka kupika fufu. Alifurahi, akanipa ufunguo mwenyewe. Kiasi hakuuliza, nami sikumwambia.

Nilipika wote. Mwenye nyumba alinipa sufuria yake kubwa kuliko zote. Maji ya huko juu huchemka kivivu, yanatoa mapovu bila kuwa moto sawasawa, na mkono wangu ukachoka kusonga, mwalimu akanipokea. Tuliwaita wapagazi, mwenye nyumba na mkewe, na watu wa nyumbu wa mizigo waliokuwa wamelala jirani. Yule mwanamke alipoona donge limepinduliwa kwenye sinia alicheka kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia. Kwao wana kama hiyo, ya unga wa ulezi, kiongozi alitwambia. Hakungoja kuonyeshwa. Alikata tonge kwa vidole, akalibonyeza shimo kwa dole gumba, akachota mchuzi wa sambaza.

Mwenye duka alikuja na bakuli lake, akaona plastiki tupu.

"Umenimalizia chakula changu."

"Papa, keti ule," mwalimu akamwambia, kwa neno la heshima la kwetu Kongo. "Kinapoa."

Asubuhi kiongozi aliunyanyua ule mfuko kwa mkono mmoja. Akamtazama mwenye duka, akautikisa kidogo, akauweka chini. Habari ya kumrudisha mtu haikutajwa tena. Mwanamke alitembea mbele yetu hadi nyumba ya watawa mwisho wa bonde, na mbele yetu tena hadi kwenye gari.

Ningeishia hapo kama mwenye duka angenyamaza. Lakini tuliporudi Durban, kwenye chai baada ya ibada, nilimsikia akisimulia jinsi alivyokuta watu wenye njaa milimani, na jinsi alivyotoa unga wake wote akawalisha. Kina mama walisema amina. Mwalimu alinikanyaga mguu, nikainamia chai yangu.

Jumapili iliyofuata alitualika kwake, Albert Park, ghorofa ya juu, ambako anaishi na mama yake. Mama yule ni mzee sasa, na kitambaa chake cha kichwa hukifunga chini sana, karibu na nyusi. Mwanawe alimpa simu aone picha. Moja alipigwa siku ya mwisho: amejivika mkanda kichwani, kikapu kitupu mgongoni, anacheka. Nyuma yake yule mwanamke amesimama, anangoja arudishiwe kikapu chake.

Mama aliitazama muda mrefu. Akaweka vidole viwili kwenye kioo, kama wajukuu walivyomfundisha, akaikuza picha, akaisogeza pembeni, mwanawe akatoka kwenye kioo.

"Huyu ndiye aliyebeba?"

"Ndiye, mama."

"Alifika?"

"Wapi?"

"Mwisho. Alifika mwisho na mzigo wake?"

Mwenye duka aliinama kuitazama simu. "Nafikiri," alisema.

Mama akanigeukia mimi.

"Alifika, mama," nikasema. "Alitutangulia."

Akaitikia kwa kichwa, akamrudishia mwanawe simu. Kwenye kioo alikuwa bado yule mwanamke peke yake.