Aliyejifanya Mjomba Wangu

Assalaam alaykum. Mimi ni Dekow, wa Bulla Iftin hapa hapa Garissa. Dada wa mazoezi ya viungo ameniomba nije niwape moyo nyinyi mliopooza upande mmoja, na nyinyi mnaowauguza. Nitawapa. Lakini nawaambia mapema, sikuja na maneno ya sukari. Mimi nilipona nikiwa na hasira, na hasira hizo bado ninazo.

Zamani nilikuwa bondia wa kulipwa. Nilizaliwa Kotile, kwa watu wa ng'ombe, na kwetu hakuna aliyejua ndondi ni mnyama gani. Nilikuja mjini kusoma. Siku moja nikaona gunia la mazoezi limening'inizwa kwenye kibanda cha mabati, nikalichapa konde, na mwenye kibanda akasema, "Warya, wewe kijana, mkono huo umeutoa wapi?" Huyo ndiye Kocha Bare. Miaka tisa nilikuwa wake. Asubuhi nilikimbia mpaka daraja la Tana na kurudi. Nilipigana Nairobi, Mombasa, hata Kampala, na nilishinda mara nyingi kuliko nilivyoshindwa. Maringo nilikuwa nayo, usiseme! Hooyo, mama yangu, aliniuliza, "Kazi gani hii ya kupigana na mtu ambaye hajakukosea?" Nilimcheka.

Ugonjwa ulianza mazoezini. Nilipigwa ngumi ya kawaida juu ya sikio la kushoto. Sikuanguka. Lakini jioni kichwa kiligonga, nikatapika chai yote, na nilipojaribu kufunga kamba za viatu nikaziona ziko nne. Kocha alinipeleka hospitali. Nikapigwa picha ya kichwa, nikachomwa sindano, nikalala. Nilisikia daktari akizungumza na Kocha nje ya mlango, maneno sikuyashika. Kocha aliporudi alitabasamu.

"Anasema ni joto tu," akaniambia. "Maji umekunywa kidogo. Pumzika siku tatu."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Mtu amekufunga bandeji mikononi miaka tisa.

Baada ya wiki tatu tulikuwa Nairobi, pambano la kugombea mkanda, Jumapili mchana. Kocha hakuwahi kuwa na bondia wa kugombea mkanda. Alikuwa amewatangazia watu wote wa Garissa. Raundi ya nne mguu wangu wa kulia ulianza kuburuta. Nikamwambia kwenye kona, "Kocha, mguu hausikii." Akanimwagia maji shingoni akasema, "Wewe mwanaume au nini? Simama!" Nikasimama. Ya tano siikumbuki. Wananiambia sikupigwa hata konde kubwa, nilikaa chini tu kama mtu aliyechoka kungoja, nikajikojolea mbele ya watu, macho yakageuka.

Walinitoboa fuvu. Damu ilikuwa imevilia juu ya ubongo. Gusa hapa, kuna bonde, kidole kinaingia. Nilipoamka upande wa kulia haukuwa wangu tena. Mate yalinitoka bila mimi kujua. Hooyo alinibadilisha nepi, mimi, mwanaume wa kilo sabini. Sikuweza kusema hata jina langu. Nilitaka kufa, na hata hilo sikuweza kulisema.

Miezi minne baadaye nilirudishwa hapa Garissa, kliniki ya hospitali ile ile aliyonipeleka Kocha. Daktari alifungua faili, akanitazama, akaitazama tena picha ya zamani.

"Si wewe? Si nilisema damu imevuja kichwani, na usipigane tena maisha yako yote?"

Hooyo akaruka. "Ulimwambia nani?"

"Mjomba wake. Yule aliyemleta. Alisema yeye ni abti yake, ndugu wa mama mtu. Akasema yeye ndiye msemaji wa familia, na kijana asiambiwe sasa, atashtuka. Nilikosea. Nilipaswa kumwambia yeye mwenyewe."

Nyinyi mnajua abti ni nani kwetu. Abti akisema, mama amesema. Hooyo hana kaka. Kwao walizaliwa wasichana tu, yeye na dada zake wawili. Alikaa chini pale sakafuni akashika kichwa. Na mimi, ambaye miezi minne sikuwa nimetamka neno, nilifungua mdomo nikasema, "Bare." Lilitoka limepinda, lakini lilitoka.

Basi hiyo ndiyo dawa yangu. Wengine wanasema walipona kwa subira. Hongera zao. Mimi nilijifunza kutembea ili nikasimame mbele ya yule mtu. Kila hatua nilitaja jina lake. Hooyo alinikemea, "Astaghfirullah, sema Bismillahi!" Nikasema Bismillahi, halafu nikasema Bare. Dada wa mazoezi alinipa mpira niufinye kwa mkono wa kulia. Hooyo akautazama mpira ule, akaondoka, akarudi na mbuzi. "Kamua huyu," akasema. Wiki ya kwanza hakutoka hata tone, na mbuzi alinipiga teke la goti. Mwezi wa tatu kikombe kilijaa. Wallahi, nilipofinya ile chuchu, akilini nilikuwa nakaba shingo ya mtu.

Mwaka wa pili nilitembea na fimbo. Nilikuwa najiandaa kumwendea. Hakuningoja, alikuja yeye.

Alikuwa amepata safari ya Hija. Kwetu mtu haendi Makka na kinyongo cha watu nyuma yake. Huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Akaja na kanzu mpya, akakaa mkekani, hakuniangalia machoni.

"Dekow, mimi ni binadamu. Kama nilikukosea, nisamehe."

"Kama?"

"Nisamehe."

Mkono wangu wa kulia ulijikunja wenyewe. Ningeweza kumpiga, na Hooyo aliona, akasogeza birika la chai mbali. Nikasema polepole, maana ulimi bado mzito, "Nenda kwanza kule kwenye kibanda chako. Ita mabondia wako na wazazi wao. Waambie ulichofanya. Kila neno. Halafu tutaongea."

Aligeuka rangi. Alisema atakuwa amejiua. Nikamwambia mimi nilikwisha kuuawa, na sio vibaya sana, mtu huzoea.

Alikwenda. Nilisimama mlangoni na fimbo yangu kuhakikisha. Alisema daktari alimwambia nini, na kwamba alijiita abti yangu, na kwamba nilimlalamikia mguu kwenye kona. Wazazi walianza kuwashika watoto wao mikono na kutoka kabla hajamaliza. Kibanda kikabaki na magunia. Akanigeukia huku analia. "Sasa?"

"Nimekusikia," nikasema. "Safari njema."

Nikaenda zangu. Nilijisikia vizuri? Vizuri sana, siwadanganyi. Usiku ule nilikula sahani mbili za wali.

Namshukuru Mungu, kwanza. Namshukuru Hooyo, na daktari aliyekubali kosa lake, na dada huyu mnayemuona hapa anayewafanya mlie. Na nyinyi, sikilizeni. Mkipigwa picha ya kichwa, ulizeni nyinyi wenyewe, au mama yenu akae mle ndani. Mtu akisema atawasemea, mtoeni nje. Na mguu ukikataa, usimsikilize anayesema simama. Kaa chini.

Shekhe ameniambia kusamehe ni bora. Najua ni bora. Kila mtu mtaani ananiambia. Siku hizi yeye ni Haji Bare, na kila Ijumaa baada ya swala anakuja, anavua viatu, ananiuliza. Namwambia, "Bado."

Ijumaa iliyopita alibaki mlangoni.

"Dekow, nimezeeka. Nikifa kabla hujasema?"

"Basi tutakutana mbele ya Mwenyezi Mungu," nikamjibu, "na siku hiyo kila mtu atajisemea mwenyewe."

Alitafuta viatu vyake, akavaa, akaenda. Kesho ni Ijumaa.