Sanda ya Mwalimu Haroun

Peja ilipolia mara ya tatu, Bimkubwa aliacha kubishana bei. Alikuwa ndani ya jengo la nguo la Barabara ya Zhanqian, Guangzhou, huko China, amekumbatia furushi la mashati ya watoto, na namba iliyokuwa ikimwita ilikuwa ile ile: ya kibanda cha simu cha Achieng, mtaani kwao Dengfeng. Achieng, mwanamke wa Nairobi aliyeishi kwa kuuza dakika za simu, hakuwa mtu wa kumwita mtu bure. Bimkubwa akamwomba laobani, yule mwenye duka, amwachie simu ya mezani.

"Mama Lulu, uko na mtu hapo?" Achieng aliuliza. "Kaa chini kwanza."

"Niambie hivi hivi nilivyosimama."

"Ni Mwalimu. Ameanguka pale mferejini akichota maji. Wamemfikisha hospitali, lakini wapi. Pole, dada yangu. Pole sana."

Bimkubwa alisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akarudisha simu mahali pake. Kisha akaanza kuyakunja mashati moja moja na kuyapanga juu ya meza, kama mtu atakayerudi kuyalipia. Laobani, ambaye muda mfupi kabla alikuwa akiapa kwamba hashuki tena hata senti, alimtazama usoni, akamsogezea kigoda. Hakukaa.

Haroun alikuwa mdogo wake wa kumfuatia. Kwao Unguja alifundisha sayansi sekondari, na alikuja Guangzhou mwaka tisini na saba ili amsaidie dada yake kufunga mizigo. Biashara ilimshinda mapema. Akitumwa dukani, alikuwa akikutwa amechuchumaa kando ya mfereji, anatazama povu likipita juu ya maji meusi. Kilichomuuma zaidi ni watoto wa wafanyabiashara, Watanzania na Wakenya, waliokuwa wakishinda juu ya marobota ya nguo wakitazama televisheni ya lugha wasiyoielewa, kwa kuwa shule za pale hazikuwa na nafasi yao au wazazi hawakuzimudu. Siku moja alimwomba dada yake kile chumba cha juu ya paa alichowekea maboksi matupu. Bimkubwa alidhani anataka mahali pa kulala. Wiki iliyofuata alikuta humo watoto na harufu ya mfereji.

Haroun alikuwa amemtuma kila mtoto alete maji kutoka mahali tofauti: bombani, mvuani, mferejini, kwenye mtaro nyuma ya hoteli. Waliikata chupa ya plastiki, wakaigeuza juu chini, wakapanga kokoto, mchanga na mkaa, na mdomoni wakafunga kipande cha marekani, ile pamba ghafi isiyotiwa rangi. Alinunua jora zima kwa kazi hiyo, na kabla ya kulitumia aliwafanya walichemshe lote na kulianika, ili wanga wa kiwandani utoke. Maji ya mferejini yalipotoka meupe, watoto walipiga makofi. Haroun aliwaacha wafurahi. Halafu akachukua kijiko, akayachemsha maji yale yale hadi yakakauka, akawapitishia kila mmoja auone utando uliobaki.

Baadaye vikaja vyungu. Jirani mmoja wa Kichina aliyelima vitunguu vya majani juu ya paa aliwapa udongo, na watoto wakazika vipande vya nguo ambazo wazazi wao walinunua: kanga, soksi, fulana, pazia. Kila kipande kilivutwa uzi kwanza, uzi ukachomwa kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iunguayo na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje nyeusi, ngumu kama shanga. Sharti la darasa lilikuwa kwamba lebo haiaminiwi, hakuna kinachoingia udongoni kabla ya kuulizwa kwa moto.

Mtaa ulicheka. Walisema Mwalimu anazika matambara. Achieng, ambaye mwanawe alikuwa darasani, alimuuliza kama atayasomea na dua.

"Nitawasomea wale watakaokataa kuoza," Haroun alimjibu. "Ndio wenye shida."

Siku ya kuvifukua vyungu, Bimkubwa alipanda kutazama. Pamba ilitoka nyuzi nyuzi, nyingine imekuwa chembe tu za udongo. Kipande cha poliesta kilitoka kizima. Lulu, binti yake, alikisuuza, na maua yake yalikuwa mekundu vile vile. Haroun alikishika kwenye mwanga, akakitazama kwa muda, akamgeukia dada yake.

"Dada, mimi siku yangu ikifika, msinivishe hii. Nakuusia."

Bimkubwa alimkemea kwa kusema maneno hayo mbele ya watoto. Lakini Haroun alikuwa ameshatamka neno la wasia, na mwanamke aliyelelewa chuo cha Kurani anajua uzito wake. Alijibu, "Nimesikia."

Ndiyo maana siku ile ya msiba, kitu cha kwanza alichomwambia mdogo wao wa mwisho, Dullah, kilikuwa sanda. Sanda ya pamba, pamba tupu. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya karani wa hospitali, akipigania mwili. Karani alieleza kupitia mkalimani kwamba Waislamu wanaruhusiwa kuzika, ila kibali alichoandika ni cha siku hiyo tu. Kama jua litazama na marehemu hajaingia kaburini, gari la serikali litamchukua apelekwe wanakopelekwa wengine wote. Bimkubwa alijua ni wapi. Ni kwenye tanuri la kuchomea maiti. Alikishika kibali kwa mikono miwili mpaka kikalowa jasho.

Imamu Ma, mzee wa Kichina wa msikiti wa karibu, alikuja na gari dogo na jeneza la chuma la kubebea. Alikuwa ameshaagiza kaburi lichimbwe. Kwa Kiarabu chake cha kukatakata aliwaambia kwamba mlinzi wa makaburi hafungui lango baada ya alasiri kupita sana, kwa hiyo waoshe, wasali, watoke. Mwili ukaingizwa chumba cha kuoshea, nyuma ya ua wa msikiti. Maji yalikuwa yakipashwa moto.

Dullah akaingia anahema, na kitambaa cheupe ndani ya mfuko. Kilikuwa kizuri, laini, kinang'aa kidogo kilipokunjuliwa. Alisema ameingia duka la kwanza, ameuliza pamba, ameonyeshwa lebo ya pamba, amelipa. Bimkubwa alikigusa kwa kiganja, na kiganja kikateleza. Alitaka sana kiwe pamba.

Lulu alikuwa pembeni yake. Bila kumwomba mtu ruhusa, alishika pindo, akavuta uzi mmoja, kisha akamnyooshea Dullah mkono.

"Mjomba, kiberiti."

"Cha nini?"

"Tuuulize uzi."

"Unataka kuchoma sanda ya mjomba wako hapa, mbele ya Imamu? Ondoka, mtoto wewe. Watu wana haraka."

Lulu hakuondoka. Alibaki na uzi kati ya vidole, na mkono umenyooka. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini mkono ulitulia kama alivyofundishwa. Ni Bimkubwa aliyeuingiza mkono wake katika mfuko wa shati la Dullah, akatoa kiberiti cha gesi ambacho Dullah hutembea nacho kila siku. Maana Dullah hakuwahi kununua hata robota moja la nguo bila kuchoma uzi kwanza. Ilikuwa desturi yao wote pale mjini. Siku hiyo peke yake, kwa mauti ya kaka yake, alisahau.

Moto ulipogusa uzi, uzi ulijikunja, ukatoa moshi mweusi. Ncha ikabaki na punje. Lulu akaibonyeza kwa ukucha, haikupondeka.

Dullah alikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.

Imamu Ma alikuja kuuliza kwa nini wanachelewa. Alipoelewa, alikipapasa kitambaa, akasema kwa upole kwamba ni cheupe, ni safi, si hariri, na maiti aliyesitiriwa nacho amesitiriwa. Akaelekeza kidole juani. Dullah naye alimsihi dada yake: Zhanqian ni mbali, magari yamejaa, akienda na kurudi lango litakuwa limefungwa. Je, kipi bora, Haroun alale ndani ya poliesta au achomwe?

Bimkubwa alifumba macho. Katika maisha yake hakuwahi kubanwa namna ile. Imamu alikuwa sahihi na Dullah alikuwa sahihi. Lakini alisikia ile sauti yake mwenyewe juu ya paa ikisema nimesikia, na Mwenyezi Mungu alikuwa ameisikia pia.

"Mama," Lulu alisema, "marekani ya darasani. Jora limebaki. Tulilichemsha lote."

"Kabati la darasani si limefungwa?"

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mjomba Haroun."

Nguo za Haroun walipewa hospitalini ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ulikuwa garini. Bimkubwa aliufungua mwenyewe. Suruali ilikuwa bado mbichi kwa maji ya mfereji. Ufunguo ulikuwepo, umefungwa kwenye kipande cha kamba pamoja na kijiko.

Alimwambia Imamu aanze kuosha. Akamwambia Dullah aingie kumsaidia, kwa kuwa ndugu ana haki hiyo. Yeye na Lulu wakatoka mbio. Wanawake wa Dengfeng waliomzoea Bimkubwa akitembea taratibu na mtandio wake umetulia walimwona akikatiza katikati ya vibanda, amekunja buibui mkononi. Achieng alifunga kibanda, akawafuata bila kuuliza. Ngazi za jengo lile ni nyingi, na mara mbili Bimkubwa alisimama akishika ukuta, akiomba asianguke yeye pia.

Kabati lilifunguka. Ndani mlikuwa na jora, limekunjwa vizuri, linanuka jua. Kando yake vilipangwa vipande vya mraba ambavyo watoto walikuwa wamekwisha kuvikata kwa ajili ya chupa zao. Bimkubwa alipima kwa mikono, akapima tena. Mwanamume huvishwa nguo tatu. Hapa zilitosha mbili. Hata hivyo Lulu alivuta uzi, na hakuna aliyemkataza. Uliungua kwa utulivu, ukanuka karatasi, jivu likapeperuka.

Waliporudi, Imamu alikuwa mlangoni akitazama njia. Bimkubwa alimnyooshea jora na kumwonyesha vidole viwili. Imamu alitikisa kichwa kukubali, akasema mbili zinatosha, inshallah. Akavichukua na vile vipande vya mraba, kwa kuwa kazi ya kuosha ilikuwa haijaisha, na ndivyo walivyomfutia.

Alipokwisha kuvishwa, waliwaita wanawake. Uso uliachwa wazi. Bimkubwa alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia kwamba amemsamehe, na akamwomba amsamehe. Lulu alisoma Fatiha. Achieng, ambaye ni Mkristo, alisimama mlangoni na viatu mkononi. Kisha uso ulifunikwa, wakafunga ncha za sanda kwa vitambaa vilivyochanwa kutoka pindo la marekani lile lile.

Alasiri ilisaliwa, na baada yake sala ya jeneza. Wanaume waliondoka na gari. Wanawake walibaki uani. Dullah alikuja kuwaeleza baadaye kwamba lango lilikuwa bado wazi. Kaburi lilikuwa la udongo mwekundu. Alishuka yeye na Mchina mmoja kijana, wakampokea Haroun bila sanduku, wakamlaza ubavu wa kulia, uso ukielekea magharibi, kwa kuwa huko ndiko kilipo kibla kwa mtu aliyezikwa Guangzhou. Walifungua vifundo. Waliweka mbao, wakafukia kwa mikono kwanza, kisha kwa koleo. Imamu Ma alisoma dua, wakaitikia amina. Jua lilikuwa halijazama.