Mapipa ya Kijani

Kazini, kwenye mgodi wa dhahabu, walimwita Masizi, kwa sababu hata akijisugua namna gani, weusi wa kaboni haukutoka kwenye mikunjo ya vidole vyake. Jina hilo halikumkera. Alikuwa mjane mwenye watoto wakubwa, na kazi yake aliipenda kuliko alivyokubali mbele za watu: kuitoa dhahabu kwenye kaboni.

Kaboni yenyewe ni punje nyeusi za vifuu vya nazi vilivyochomwa. Ikitoka kwenye matangi ya tope la mawe inakuwa imenyonya dhahabu, lakini ukiishika huoni kitu. Masizi na wenzake waliijaza kwenye tangi refu la chuma, wakaichemsha kwa kostiki soda na sayanaidi mpaka ikaitapika dhahabu. Maji hayo yakipitishwa kwenye umeme, dhahabu iliganda juu ya nyuzi za chuma. Sayanaidi, sumu inayoua upesi, ilikuja kwenye mapipa ya bati, na pipa likiisha, amri ilikuwa moja: lisuuzwe, litobolewe, lipondwe. Masizi aliamini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili moja alikwenda kwa mdogo wake, fundi cherehani aliyejifungua karibuni. Alipotaka maji ya kumwogesha mtoto, alielekezwa kwenye pipa la kijani nyuma ya mlango. Akashika pete ya mfuniko, mkono ukasita. Pete kama ile aliifungua kila siku. Akachukua kisu, akakwangua rangi. Chini yake ikatokea picha ya fuvu la kichwa, alama ya sumu.

Mdogo wake alimweleza kwamba mapipa hayo yaliuzwa na mtunza stoo wa huko huko kazini kwa dada yake, na kwamba karibu mtaa mzima walikuwa nayo. Masizi hakungoja amalize. Alilipiga teke pipa, maji yakatapakaa chumba kizima, kisha akawakimbiza mama na mtoto zahanati. Daktari hakuona dalili yoyote. Masizi alishukuru, lakini hasira haikupungua hata chembe.

Kesho yake aliingia ofisini na chupa ya maji aliyoyateka kwenye pipa la jirani. Msimamizi wa zamu na mtunza stoo walikuwa wakinywa chai. Akamimina maji kwenye kikombe kitupu, akakisukuma mbele yao.

Msimamizi alianza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mapipa yalisuuzwa vizuri, alisema, bati zuri kama lile kulitupa ni hasara, na watu wana shida ya vyombo vya maji.

"Na mpaka leo kuna aliyekufa?" akamalizia.

"Mdogo wangu ananyonyesha, na maji hayo ndiyo anayokunywa," Masizi alisema. "Kunywa na wewe."

Hakuna aliyegusa kikombe. Mtunza stoo alivuta chai yake pembeni, isikae karibu nacho.

Hilo ndilo lililomtoa Masizi machozi, machozi ya hasira. Alirudi kwenye tangi, akazima moto, akawaambia wenzake alichokiona. Wote wakavua glavu. Kaboni ikapoa na dhahabu yake tumboni, na meneja, ambaye mavumbi ya kwenye matangi hakuyajua, alikuja mbio. Hakuuliza habari za mapipa. Aliuliza nani amezima moto.

"Mimi," Masizi alisema. "Na hauwaki mpaka mapipa yote ya mtaani yatobolewe."

Meneja akakubali, na siku hiyo hiyo Masizi na wenzake walipita nyumba kwa nyumba na sururu. Watu hawakuwashukuru. Mama mmoja alilikumbatia pipa lake akimtukana Masizi matusi ya nguoni. Mwingine alimuuliza kama kesho atawatekea maji yeye. Masizi alitoboa, akaenda mlango mwingine. Mdogo wake mwenyewe alimnunia muda mrefu.

Moto ukawashwa, dhahabu ikatoka. Matangi ya maji ambayo meneja aliuahidi mtaa hayajaonekana. Mtunza stoo hakufukuzwa. Alihamishiwa mgodi mwingine wa tajiri yule yule aliyewaajiri, kushika stoo vile vile.

Habari hizo zilimfikia Masizi. Aliulizia namba ya simu ya mtu anayefanya kazi ya kaboni huko, akapiga.

"Hatujuani," alisema. "Nisikilize. Kuna mtu anakuja kwenu."