Mashine Iliyopitisha Sauti

Siku ya kwanza Sella Khamala alipoingia dukani, Muiruri alimpima kama anavyompima kila mteja: viatu kwanza, mikono pili, uso mwisho. Raba zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikapoteza rangi. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni. Huyu anafulia watu nguo. Uso ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua kununua, na hapo Kawangware 56, mtaani Nairobi, uso wa namna hiyo ni nusu ya mauzo.

"Niaje boss. Uko na mashine ya kupiga drum?"

"Niko na tatu, siste. Kuangalia ni bure."

Akazipanga juu ya kaunta, zote za mtumba. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kikokotoo kilichovuliwa ganda. Ya pili ilikuwa na batani kumi na sita kwa mstari, na sauti zake za ngoma zilitiwa huko huko kiwandani. Ya tatu, yenye bei ya kutisha, ndiyo pekee iliyoweza kumeza sauti kutoka nje na kuihifadhi.

Sella hakujali mataa. Aligonga kila moja mdundo uleule, kichwa kimeinama. "Hii ndogo inaumiza kucha. Laptop sina. Simu nayo haijui kupigwa, inajua kuguswa. Nataka kitu naeza gonga."

Kisha akaeleza shida yake. Babake, Mzee Khamala, alikuwa mlinzi wa geti kule Nyayo Highrise miaka ishirini, na Jumapili alikuwa mpiga isukuti, ngoma ya Waluhya, kanisani. Alipofariki aliacha ngoma moja, ya ngozi ya kenge.

"Jumamosi ba'mdogo Morris anakuja kuichukua aipeleke nyumbani Kakamega. Ni ya ukoo, siwezi kataa. Nataka sauti yake ibaki kwa mashine, nitengeneze biti nayo. Nilijaribu na simu, ikatoka kama mtu anagonga sufuria."

Jibu la haki lilikuwa mashine ya tatu, au kumwambia aende zake. Lakini pesa za Sella zilitosha ya pili tu, na ya pili ilikuwa imekaa kwenye kabati la kioo miezi saba. Muiruri akachomeka maiki kwenye tundu la pembeni. Tundu hilo lilikuwa la kupitisha tu: sauti iingie huku, itokee kwa spika, kama maji ndani ya mfereji.

"Gonga kaunta."

Sella akagonga. Spika ikanguruma.

"Umeskia? Imeshika."

"Na nikitaka kuiskia tena?"

"Pole pole. Ikiingia imeingia. Ukianza kubonyezabonyeza kabla uijue, utafuta."

Sella alipoondoka na mashine ya pili na maiki yake, Waceke, mke wa Muiruri, alicheka bila furaha. "Baba Becky, wewe siku moja utauzia mtu kivuli chake."

"Kikiwa na wateja, kwa nini nisiuze?"

Sheria ya duka ilijulikana: kitu kikipita mlango hakirudi. Jumatatu Sella aliporudi, Muiruri alikuwa ameshaikunja midomo kuitamka. Lakini hakuja kurudisha. Alikuja kuomba msamaha.

"Boss, nimeharibu."

Ijumaa alikuwa amepiga ngoma ya babake saa nzima chumbani kwake Kambi Muru, taa nyekundu ikiwaka, spika ikijibu mpaka majirani wakapiga makofi. Jumamosi ngoma ikaenda. Jumapili akawasha mashine, akakuta ngoma za kiwanda tu.

"Lazima kuna mahali nilibonyeza. Na ulinionya."

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Muiruri akaupita bila kuingia. "Hutokea kwa wanaoanza," alisema. "Usijali, nitakufunza."

Sella akarudi na mashine mara nne, akitoka kufua, kila mara na mandazi mawili kwenye gazeti: ya mwalimu na ya mke wa mwalimu. Alishika haraka. Alipanga batani hadi mashine ikatembea kama isukuti, halafu akatikisa kichwa: "Mwendo ni wake. Sauti si yake." Muiruri, aliyewahi kuuza redio bila matumbo na asijute, alianza kuyaacha mandazi yale yapoe.

"Desemba si utaenda nyumbani?" alimwambia siku ile ya nne, akijitafutia njia. "Ngoma iko. Utarekodi tena."

"Ngozi ilikuwa imepasuka, ba'mdogo akaitoa. Ameweka ya mbuzi. Sasa ni ngoma ingine." Sella aliendelea kubonyeza. "Sio makosa yake. Mimi ndiye nilifuta."

Waceke aliinua macho akamtazama mumewe.

"Hukufuta," Muiruri akasema. "Haikuwahi kuingia. Hii mashine haimezi sauti, inapitisha tu. Nilijua."

Vidole vya Sella vikasimama. "Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukakula mandazi zangu."

Muiruri akaitoa ile ya tatu kwenye kioo, akaisukuma mbele yake. "Chukua hii. Usiongeze kitu."

Mwingine angelia, au angemwaga matusi. Sella alikuwa ameshalijua duka. "Hii inashika kweli?"

"Kabisa."

"Kabisa yako naijua. Washa tuijaribu." Akachomeka maiki, akamwelekezea mdomoni. "Sema."

"Niseme nini?"

"Hiyo umesema saa hii."

Mteja mmoja aliyekuja kununua chaja alikuwa mlangoni, akisikiliza. Muiruri akainama. "Nilikudanganya. Mashine ilikuwa haiwezi. Nilijua."

Sella akaizima, akachomoa waya, akahesabu mpaka kumi. Akawasha, akabonyeza. Sauti ya Muiruri ikatoka nzima, kubwa kuliko alivyosema.

"Sawa. Imeshika." Akaitia kwenye mkoba pamoja na maiki, akaiacha ya pili kauntani, akatoka bila asante. Hakurudi tena.

Muiruri akairudisha ya batani kumi na sita kwenye kioo.

"Na hiyo inarekodi?" mteja wa chaja akauliza.

"Hairekodi. Inapitisha tu."

Mteja akalipia chaja, akaenda zake. Mashine ikakaa miezi mitano zaidi, ikauzwa kwa hasara. Hasara hiyo Muiruri aliimeza. Asichokijua mpaka leo ni kama Sella aliifuta ile sauti.