Kigingi cha Mama na Pijo ya Baba

Niliondoka Miyuji Jumamosi asubuhi na nia moja: kumwachisha baba Pijo yake. Gari lile ni kuukuu, breki ya mkono haishiki, na kila likisimama mlimani, mama na magoti yake mabovu ndiye anayeshuka na kigingi cha mti kuzuia tairi. Nilikuwa tayari kuwaachia kigari changu kipya, mimi nirudi kwa basi.

Hadi Kondoa ni lami. Kigari kiliteleza kimya, kiyoyozi kikipuliza, nami nikajiona mjanja. Kwenye barabara ya vumbi ya kupanda Haubi tumbo lake lilikwangua kila jiwe, nikaacha kujisifu.

Saa sita mchana nilifika nyumbani kwa wazazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hili limewaka au limezimika?"

"Limewaka."

"Mbona halisemi?"

Alasiri, mama akiwa bado anaswali, baba alinipakia kwenye Pijo twende dukani. Ndani mlinuka petroli na karanga. Katikati ya mlima alisimama kumsalimia jirani, akavuta breki ya mkono, na gari likatulia.

"Baba, kumbe inashika!"

"Fundi aliitengeneza mwaka juzi," alisema, akitazama mbele. "Tukiwa na mama yako siivuti. Akijua, ataona hana kazi humu, atabaki nyumbani. Usimwambie."

Jumapili asubuhi niliaga. Mama alinisindikiza hadi kwenye gari, nikamuuliza habari ya magoti.

"Magoti yanataka kutembezwa," alisema. Kisha akashusha sauti. "Kigingi nakiweka jikoni. Baba yako akienda peke yake, unadhani mlimani anasimamaje? Breki ilishapona, mwanangu. Lakini usimwambie. Nitaendaje naye mnadani?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, nikarudi na kigari changu. Kwa starehe kinaishinda Pijo kwa mbali sana, nasema bila kumung'unya maneno. Ila njia nzima nilikitazama kile kiti kitupu cha pembeni, na kwa mara ya kwanza nikakionea uchungu.

Jioni, Miyuji, nilimkuta mume wangu amejinyoosha sebuleni.

"Baba Nuru, twende tukaoshe gari."

"Kwani peke yako huwezi?"

"Naweza," nilimjibu, nikaenda kumfungulia mlango wa pembeni wa gari.