Viti Visivyopata Joto

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, kabla sijasoma neno lolote, nilipanga viti saba sebuleni na kumimina vikombe saba vya chai. Mama alisimamia akiwa kwenye godoro pembeni mwa chumba, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimeshakuwa juu mno kwake. Kiti cha wa Songea kilikaa karibu na mlango, maana ndiye aliyeongoza somo. Wa Musoma aliwekwa penye ukuta, kwa sababu tangu chuoni alikuwa mnene na alipenda kuegemea. Wa Bukoba alikaa karibu kabisa na godoro. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia ndani ya nyumba yetu ya Magomeni, katika mji wa bandari wa kusini.

Walikuwa wanawake waliosoma na mama chuo cha ualimu, kisha kazi na ndoa zikawatawanya, mmoja hadi Norway. Miaka ile barua pepe ilikuwa jambo geni kwa watu kama sisi, lakini wa Songea alikuwa ameijua ofisini kwake na akawakusanya wenzake humo, mmoja mmoja, hadi wakatimia. Kila Jumatatu aliwatumia kifungu cha Biblia na maswali matatu. Ilipofika Ijumaa kila mtu alitakiwa awe amewajibu wote. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri chuo. Baba alikuwa amehamishiwa bandari ya Tanga. Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda kwa miguu hadi Chikongola, kwenye kafe ya intaneti iliyobanwa kati ya maduka ya kanga, nikaandika majibu ya mama kutoka kwenye daftari lake, nikachapisha barua za wenzake na kurudi nazo nyumbani ndani ya bahasha.

Viti na chai vilikuwa agizo la mama. Sisi ni watu wa Njombe, na katika jumuiya za kanisani ibada huzunguka nyumba hadi nyumba. Mwenye nyumba huweka kiti na huweka chai. Nilipomwambia kwamba hawa ni karatasi tu, alinitazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. Alisema huwezi kuwaita watu waombe nyumbani kwako halafu ukawaacha wamesimama.

Tulikuwa na viti vinne. Vitatu niliazima kwa mama jirani, mwanamke wa Kimakonde ambaye ndugu zake nusu wako Kitaya, mpakani, na nusu wako ng'ambo ya Ruvuma. Hakuuliza kitu kwa mwezi mzima. Siku moja nikimrudishia alikipapasa kiti kimoja kwa kiganja, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Wageni wenu wepesi, mwanangu. Viti vinarudi havina hata joto."

Nilicheka. Usiku ule sikucheka tena.

Mama alikuwa na saratani ya titi, na titi lilikuwa limefunguka kuwa kidonda. Hospitali walishasema walichokuwa nacho cha kusema. Walitupa bandeji, dawa ya maumivu, na vidonge vya kusaga na kunyunyizia juu ya kidonda ili kupunguza harufu. Nilikiosha asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi. Niliweka mkaa chini ya kitanda na baadaye pembeni mwa godoro. Mama jirani alileta udi na chetezo, akanifundisha kuufukiza kidogo kidogo usije ukamkaba mgonjwa. Harufu haikuondoka. Ilijificha nyuma ya udi, ukisogea nayo inasogea.

Jumuiya yetu wenyewe, ya mtaani, ilikuja mwanzoni. Wanawake wa bara kama sisi, walimu na makarani na wake wa watu wa bandarini. Jumamosi moja, katikati ya maombi, mama alimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba wasogee dirishani. Walipoondoka aliniagiza kwamba kuanzia siku ile wakija niwaambie mwalimu amesafiri kwa matibabu, na mlango usifunguliwe. Nikawaambia hivyo, nimesimama barazani, mikono nyuma. Wakaiombea safari yake. Jumamosi iliyofuata vilianza vile viti.

Kwa wale saba mama hakuwa mgonjwa. Katika majibu yake aliwafariji wenye malaria, aliwaombea wenye presha, aliwatania. Kwenye barua pepe hakuna anayesogea dirishani.

Nikisoma, mama hakunitazama mimi. Aliangalia kiti cha mwenye barua. Nilipohama kutoka wa Musoma kwenda wa Mwanza, macho yake yalihama nami, kuvuka mvuke wa chai, na kutua mahali ambapo uso ungekuwepo. Mara nyingine alicheka kabla sijafika kwenye utani. Saa ile mtaa mzima hulala kwa joto; hata kuku hunyamaza. Nilisikia sauti yangu ikijaza chumba, kisha ikikoma, kisha kimya kikikaa sekunde kadhaa kama mtu anayefikiri. Mwanzoni nilikunywa ile chai ikipoa. Mama akanikemea, ni ya wageni. Wiki chache baadaye sikuitamani tena. Nikipita kati ya viti nilijikuta nainua upindo wa kanga yangu na kusema samahani.

Kisha ukaja mgao wa umeme uliochukua karibu wiki nzima. Kafe ilifungwa, sikuwa na barua. Jumamosi mama akataka viti.

Nilimwambia hakuna cha kusoma.

"Soma, mwanangu," alisema. "Wamekuja."

Nilichukua karatasi za zamani nikazishika mbele ya uso wangu na kuanza kutunga. Nilikuwa nimewasoma mara nyingi, niliwajua. Wa Songea nilimpa maneno yake marefu, wa Musoma nikampa mzaha kuhusu mume wake na redio. Nilipofika kwa wa Bukoba nilimfanya aombe radhi kwamba ataandika kifupi, kwa kuwa mkono wa kulia umekufa ganzi tangu Jumanne. Sijui lilikotoka. Lilitoka tu mdomoni, na mama akaitikia pole akitazama kiti kilicho karibu naye.

Umeme uliporudi nilikwenda Chikongola. Barua ya wa Bukoba ilikuwa na mistari minne. Aliomba radhi. Mkono wake wa kulia, aliandika, ulikuwa na ganzi tangu Jumanne.

Nimejieleza jambo hili kwa njia nyingi. Kwamba barua iliyotangulia pengine ilitaja mkono na mimi nikasahau. Kwamba wanawake wa umri ule wote huumwa mikono. Siku ile sikuwa na maelezo. Nilitembea kurudi Magomeni kwenye jua la saa nane, bahasha nimeibana kwapani, na ngozi ya mgongo wangu ilikuwa baridi. Nilimsomea mama nikimchungulia juu ya karatasi. Hakushtuka.

"Hilo ulishalisema," akajibu, na kuniomba niendelee na wa Mwanza.

Wiki iliyofuata somo lilikuwa kaburi la Lazaro. Wa Songea aliuliza swali la pili hivi: ni jambo gani katika maisha yako ambalo hutaki jiwe lake liondolewe? Mama alijibu la kwanza ukurasa mzima. Alijibu la tatu. Pale pa la pili aliacha nafasi tupu, mistari sita, akanipa daftari. Nilimuuliza kama nimwandikie chochote. Akageukia ukutani. Nikatuma vilevile, na nafasi yake.

Nilipokwenda kuchukua viti, mama jirani alinivuta ndani na kurudishia mlango. Wenzetu wa kanisani walikuwa wamepita kwake kumhoji. Walitaka kujua ni akina nani wanaokutana nyumbani kwa mwalimu aliyesafiri, wanaosomewa majina ya miji, wanaomiminiwa chai na kufukiziwa udi. Kwa Mkristo wa bara, udi ni kitu kimoja tu: ni majini.

"Wakaniuliza nawaona wakiingia? Nikasema hapana, wallahi siwaoni hata mmoja." Akajishika kidevu. "Nilidhani nawatetea."

Wakaja alasiri ileile. Nilikuwa nimefika katikati ya barua ya wa Musoma, akimtania Martha, dada yake Lazaro, kwamba mwanamke yule hata kaburini alikuwa na wasiwasi wa harufu kama vile wageni wamemkuta jikoni hakujafagiliwa. Mama hakucheka. Ndipo wimbo ukaanza barazani, sauti za wanawake, kisha ukakatika na mama mwenyekiti wa jumuiya, katibu muhtasi ofisi ya serikali, akaanza kukemea. Aliwaamuru waliomo watoke. Wengine wakaitikia. Mlango ulitetemeka kwa viganja vyao.

Nilimtazama mama. Niliogopa kwamba wataingia wamwone, na yeye hakuwa na nguvu ya kukimbia mbele ya macho yao hata hatua moja. Kitu pekee alichokuwa amekilinda miezi yote ile kilikuwa hicho, asionekane. Nilikuwa tayari kuzuia mlango kwa mwili wangu. Mkono wake ulikuwa umeshika kanga iliyofunika kifua, vidole vinasogea juu ya fundo kama mtu anayehesabu.

"Fungua," alisema.

Sikusogea.

"Fungua, mwanangu. Wamechoka kusimama."

Walikuwa sita. Waliingia na Biblia zao mbele kama ngao, wakafika hatua tatu na kusimama. Waliona viti. Waliona mvuke. Wakamwona mwalimu waliyemwombea safari, kwenye godoro, amebaki macho tu. Kisha harufu ikawafikia, na niliona kwenye nyuso zao kwamba sasa wamethibitisha, maana kila mtu anajua kwamba vitu vile huja na uvundo.

Mama aliwakaribisha kwa sauti ya darasani.

"Kaeni. Vina wenyewe, lakini hawatawakataza."

Mwenyekiti aliuliza wenyewe ni akina nani, na sauti yake haikuwa ile ya barazani. Mama akaniambia nigawe karatasi. Niligawa kwa kufuata kiti: huyu wa Songea, huyu wa Mwanza. Waliketi kwenye ncha, kama mtu anayeketi juu ya kitu kinachoweza kuamka. Kimoja kilibaki, cha wa Bukoba. Mama akanionyesha kwa kidevu. Sikuwahi kukikalia. Nilikaa, na naapa kilikuwa na joto. Labda jua lilipita pale kabla yangu.

Tukasoma. Wa kwanza alisoma kwa kigugumizi akidhani ataangukia jina la kutisha, akaangukia habari za mtoto aliyefaulu mtihani. Aliyesoma barua ya Norway alifika mahali pa theluji na upweke wa kanisa lenye watu tisa, akaendelea taratibu. Mama mwenyekiti alikuwa na wa Musoma. Aliusoma ule utani wa Martha bila kuelewa kwamba ni utani, kisha akauelewa katikati, na akamtazama mama, na karatasi ikashuka magotini. Nadhani ndipo alipojua harufu ile ni ya nini. Mimi nilisoma mistari ya Bukoba kama ilivyokuwa, bila kuongeza neno.

Zamu ikamfikia mama. Hakuwa na karatasi.

"La pili sikulijibu," alisema, na akafungua fundo la kanga, kisha bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, peke yake, mpaka mwisho.

Mmoja alikimbilia nje na sikumwona tena nyumbani kwetu, wala msibani. Mwingine alitapika barazani, akanawa, akarudi kukaa palepale. Mwenyekiti alilia bila sauti. Kisha akavua saa ya mkononi, akaiweka juu ya Biblia, akaniuliza maji ya moto yako wapi. Mama jirani alikuwa ameshayaleta mlangoni.

Hapa nitasema nisilojivunia. Kidonda kile nilikuwa nimekiosha peke yangu miezi minane. Nilijua upande upi unauma na upande upi umekufa. Nilipoona mikono ya mwanamke yule ikifanya kazi yangu, kwa makosa, akigandua vipande vya bandeji vilivyokaukia kidondani badala ya kuvilowesha, na mama anamwachia, anamwachia na kufumba macho kama mtu anayesukwa nywele, nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Miezi yote ile alikuwa amewataka hawa. Mimi na wale wa kwenye viti tulikuwa tumemshikia nafasi zao.

Aliniona. Akaniambia nichukue daftari niende Chikongola kabla hawajafunga.

"Kawaandikie la pili."

Nilimuuliza niandike nini.

"Ulichokiona. Na harufu, usiiruke."

Kafe ilikuwa karibu tupu na feni inazunguka. Niliandika majina ya miji yao yote saba mstari wa juu. Kwa miezi nilikuwa nimeandika kwa sauti ya mama, na mara moja kwa sauti ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Sasa ilibidi niandike kwa yangu, na nilikuwa sina uhakika ninayo. Nikaanza na kidonda, ukubwa wake, rangi zake. Nikaandika harufu ilivyokuwa, si kama kitu kingine, harufu yenyewe. Nikaandika kwamba watu watano walikuwa wamekaa naye wakati natoka, na kwamba amesema mwendelee kuja.

Nilipobonyeza kutuma nilihisi wale saba wamegeuka, wote kwa pamoja, kunitazama. Nilikaa wima, mikono magotini, nikawaacha wanitazame.